SIMU ISIYO NA WAYA

Neno simu lina asili ya Kiajemi, ambamo maana yake ni madini ya fedha, na pia waya. Waswahili walilitumia kwanza kwa telegrafu; kupiga simu kulikuwa kupeleka habari kwa waya, na telefoni ilipofika ikaitwa simu ya mdomo. Kwa hiyo simu ya mkononi, chombo kisicho na waya wowote, ingefasiriwa «waya wa mkononi». Hilo si kosa: msemaji hufuata kazi ya kitu, si asili ya neno. Lubumbashi husemwa pia telefone, kwa kufuata Kifaransa, lakini kitenzi ni kilekile, ila mjini humo kupiga hutamkwa kupika. Mgeni kutoka pwani, akisikia telefone inapikwa, hushangaa kidogo.