Seli Shina na Maradhi ya Ubongo: Tupime Kabla ya Kuuza Shamba

Familia yenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo, au mzazi aliyepooza kwa kiharusi, haichoki kutafuta tiba. Matangazo ya seli shina kutoka nchi za mbali huzikuta nyoyo hizo zikiwa tayari kuamini, na shamba la urithi likauzwa.

Seli shina ni seli changa ambazo hazijapata kazi maalumu mwilini. Zimo katika uboho wa mifupa na katika damu ya kitovu, nazo huweza kuzaa seli za aina nyingine. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani aliweza kuzirudisha seli za panya katika uchanga huo, na mwaka 2012 akatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Kwa maradhi ya mishipa ya fahamu, tiba hii imethibitika mahali pachache. Mfano ni multipo sklerosisi, ambapo kinga ya mwili hushambulia utando wa mishipa hiyo. Mgonjwa hutolewa seli shina zake, kinga iliyopotoka huvunjwa kwa dawa kali, kisha hurudishiwa seli hizo zijenge kinga mpya. Shambulio hukoma kwa wengi, lakini kilichokwisha kuharibika aghalabu hakirudi. Kwa ugonjwa wa Parkinson, kiharusi na mtindio wa ubongo, mambo yangali katika majaribio.

Hatari nazo zipo. Mwaka 2009 madaktari walieleza habari za mvulana aliyedungwa seli za vijusi ubongoni huko Moscow. Baada ya miaka alikutwa na uvimbe uliotokana na seli hizo.

Sheria yetu haikufunga mlango. Baraza la Fiqhi la Rabita, lililokutana Makka mwaka 2003, liliruhusu seli za mtu mzima aliyeridhia na za damu ya kitovu, likakataza kuharibu mimba kwa makusudi ili zipatikane.

Basi, kabla ya kulipa, mwulizeni daktari bingwa wa mishipa ya fahamu: Hii ni tiba au jaribio? Seli zatoka wapi? Nani atamwangalia mgonjwa akisharudi nyumbani? Jueni pia kuwa utafiti wa kweli kwa kawaida haumwuzii mgonjwa kile kinachojaribiwa. Wala msiyaache mazoezi ya viungo, kwani faida yake yajulikana.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu.