Kamera Mpya au Jicho Zuri?

Vijana wetu wapendao kupiga picha wana neno walisemalo kila siku: "Laiti ningekuwa na kamera ya bei kubwa, mngeiona kazi yangu!" Hatuwacheki, maana kila fundi hutamani chombo kizuri. Lakini kabla ya mbuzi kuuzwa ili kamera inunuliwe, na tumtazame mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyo katika nchi yetu.

Jean Depara alizaliwa Angola mwaka 1928. Mwaka 1950 alinunua kamera ndogo ya Adox apate ukumbusho wa arusi yake, basi. Mwaka uliofuata akakaa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, akijipatia riziki kwa kutengeneza baisikeli na kamera za watu. Mwaka 1954 Franco, mpiga gitaa mashuhuri, akamtaka awe mpiga picha wake.

Seydou Keïta wa Bamako, huko Mali, alikuwa seremala. Mwaka 1935 mzee wa jamaa yake alimletea kamera ndogo ya Kodak kutoka Senegal. Alipofungua nyumba ya picha mwaka 1948, aliwapiga wateja uani kwa mwanga wa mchana, na pazia la nyuma lilikuwa shuka la kitanda chake. Tena filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida alipiga picha moja tu kwa kila mtu. Fikirini, wasomaji, ni kwa uangalifu gani aliviweka mikono, kichwa na nguo mahali pake kabla ya kubonyeza! Leo kijana hupiga picha 30 kwa dakika moja, wala haitazami hata moja.

Sasa turudi kwetu Bule. Tuko karibu na ikweta, na saa sita jua hutusimamia utosini. Mtu akipigwa picha wakati huo, macho yake huwa mashimo mawili meusi, na kamera ya bei yoyote haitamponya. Mwache asimame barazani, penye kivuli, uso wake ukielekea uwanja wenye mwanga. Au ngoja saa kumi na moja jioni.

Kosa jingine ni lile la msichana mwenye nguo nyeupe aliyesimamishwa mbele ya ukuta mweupe. Kamera haijui uso wala ukuta: hupima mwanga wote pamoja, ikaona weupe umezidi, ikaupunguza. Ukuta hutoka vizuri, uso wa mtoto huwa kama makaa. Nasi tumeharibu picha kadhaa kwa njia hii. Katika simu nyingi, gusa uso wake kwenye kioo, nayo itapima mwanga wa pale. Gharama yake ni kidole.

Hatusemi kwamba chombo si kitu. Apigaye mpira wa miguu kutoka mbali, au kesha la usiku penye taa moja, atahitaji lenzi ambayo simu haina.

Lakini picha zinazotakiwa sana Bule si za mpira. Usiku wa kuamkia 2 Februari 2022 watu wapatao 60 waliuawa katika kambi ya wakimbizi ya Plaine Savo, karibu nasi. Akimbiaye usiku hubeba mtoto, habebi picha za ukutani. Mzee akifa, jamaa huja na simu wakiuliza: Je, kuna picha yake? Mara nyingi iko moja, ya mbali, uso gizani.

Kwa hiyo, kijana mwenye simu, anza na bibi yako. Mweke barazani leo jioni, umsogelee mpaka uso wake uonekane wazi, uzungumze naye kwanza mpaka asahau simu. Kisha ichapishe picha hiyo kwenye karatasi, nakala mbili, moja uipeleke kwa ndugu aliyeko Bunia.