Kitasa Hakitaki Mafuta ya Kupikia

"Fundi, kitasa kimekuwa kigumu, nitie mafuta ya alizeti au ya nazi?" Anayeuliza huwa ameshatia, na anachotaka kwangu ni ruhusa ya kutia tena. Simpi. Mafuta ya jikoni, yoyote yale, hayana kazi kwenye kitasa.

Najua kwa nini imani hii haifi: siku hiyohiyo ufunguo hulainika, na mtu akaridhika. Lakini mafuta ya alizeti, kama mengi ya mbegu, huingiliana na oksijeni ya hewani, yakawa mazito, kisha yakanata kama gundi. Ni ule utando wa kahawia ulio nje ya karai, unaokataa hata sabuni. Sasa ufikirie ndani ya silinda, ambamo kwa kawaida mna pini 5 au 6, kila moja na springi yake ndogo, na zote sharti zifike kimo chake barabara ndipo ufunguo uzunguke. Pini iliyonata hairudi. Vumbi likiingia halitoki. Wa mafuta ya nazi hunijibu kwamba yao hayafanyi gundi upesi. Kweli, ila huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mtu wa Njombe akiyatia mwezi wa Julai, kitasa chake kitaamka kimeziba. Na pwani, yasipoganda, hushika vumbi vilevile.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba mara nyingi kitasa hakina kosa lolote. Acha mlango wazi, zungusha ufunguo. Ukizunguka vizuri, mgonjwa ni mlango: bawaba zimelegea ukashuka, au mbao imevimba kwa masika, na ulimi unagonga fremu badala ya kuingia tunduni. Lita nzima ya mafuta haitaunyanyua mlango huo hata milimita 1. Watu hulazimisha mpaka ufunguo unakatikia ndani, kisha wananipigia simu usiku.

Bawaba zilizolegea, kaza skrubu zake au tia ndefu zaidi. Tundu likipishana kidogo na ulimi, litanue kwa tupa. Mkono wa kitasa ukichezacheza, tafuta skrubu ndogo shingoni mwake uikaze. Ukining'inia, springi imekwisha. Silinda ikiwa ngumu hata mlango ukiwa wazi, pulizia silikoni kavu, au sugua ufunguo kwa penseli laini, uuingize na kuutoa mara kadhaa. Penseli usiichanganye na mafuta, itafanya tope. Silinda iliyokwisha kulishwa mafuta ya kula ioshe kwanza kwa dawa ya kupulizia ya kulegeza kutu, ikauke. Ikigoma, badilisha silinda tu: hushikwa na skrubu moja ndefu ubavuni mwa mlango, na huuzwa peke yake. Ipime urefu kabla ya kwenda dukani. Ila jaribu kwanza ufunguo wa akiba. Ukizunguka vizuri, kilichochakaa ni ule wa kila siku, na mwingine uchongwe kutoka kwa huo wa akiba.