Je, Wajua? Injini ya boti hupozwa na ziwa lenyewe

Injini nyingi za boti zinazofungwa nyuma hazina rejeta. Hunyonya maji ya ziwa yazipoze, kisha huyatema. Ndiyo maana injini iliyozeeka Ziwa Basotu, wilayani Hanang, kwenye maji yasiyo na chumvi, ina nafuu kuliko ambayo ingepelekwa Ziwa Balangida lenye chumvi, chini ya Mlima Hanang: chumvi na magadi hula alumini ya injini. Ikitoka maji ya namna hiyo, ipitishie maji safi ndani. Usiiwashe nchi kavu bila maji. Feni ya mpira ya pampu inayonyonya maji huungua upesi mno. Tazama mchirizi wa maji unaotoka nyuma: ukidhoofika, zima mara moja. Mwisho, legeza skrubu ya chini ya gia ukague oili. Ikitoka na rangi ya maziwa, maji yameingia, na sili imechoka.