Kuteremka Mlima kwa Motokaa: Ilimu ya Dereva Mpya wa Butembo na Beni

Mji wa Butembo umejengwa juu ya vilima vya Kivu ya Kaskazini, karibu kabisa na mstari wa Ikweta, katika mwinuko unaopita mita 1,700 juu ya bahari. Na Beni, ambao ni mwendo wa kilomita 54 tu kwa ile Barabara ya Taifa namba 2, uko chini yake kwa mita zisizopungua 500, mahali ambapo hewa huanza kuwa na joto na msitu huanza kukaribia. Mtu aliyekulia katika nchi tambarare hudhani kwamba kujifunza udereva ni kujifunza kuliondoa gari lilipo na kulipeleka mbele. Lakini yule anayeshika usukani kwa mara ya kwanza katika mitaa ya Butembo, ambako kila njia ama inapanda ama inashuka, hutambua upesi kwamba kuliendesha gari ni jambo jepesi, na kwamba uzito wote wa kazi hii uko katika kulizuia.

Sababu yake haina siri. Kila kitu kilicho katika mwendo kina nishati, na nishati hiyo haitoweki kwa kuwa dereva amependa itoweke, bali sharti igeuzwe kuwa kitu kingine, nacho aghalabu ni joto. Na ajabu yake ni kwamba kasi ikiongezeka mara mbili nishati huongezeka mara nne, hata gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa huhitaji, ili breki zilisimamishe, masafa mara nne ya yale ambayo lingehitaji kama lingekwenda kilomita 30. Kadhalika kila kitu kilichopandishwa juu kimewekewa akiba ya nishati, ambayo hudaiwa kinaposhuka. Chukua lori la tani 20, lililosheheni viazi na vitunguu vya Lubero, likiteremka mita 500 kutoka Butembo hadi Beni: nishati inayotolewa na mteremko huo ingetosha kuchemsha takriban lita 300 za maji baridi. Upepo na msuguano wa magurudumu hula sehemu yake. Iliyobaki, kama injini haikusaidia, yote huangukia katika vyuma vya breki.

Mwenye chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili ambao watu wa Kivu ya Kaskazini huutumia kubebea makaa na kabichi, anayajua haya kwa wayo wa mguu wake, kwani breki yake ni kipande cha mpira anachokikandamiza juu ya gurudumu la nyuma, na mteremko ukiwa mrefu hukisikia kikipata moto. Dereva wa motokaa hana bahati ya kuonywa hivyo. Breki zake zimefichwa ndani ya magurudumu, na mara nyingi habari ya kwanza anayoipata ni harufu, nayo huja wakati jambo limekwisha kuharibika.

Walioitangulia dunia katika kuendesha motokaa walifundishwa na milima vivyo hivyo. Mwezi wa Agosti 1888 Bertha Benz, mke wa mhandisi Karl Benz, alitoka Mannheim pamoja na wanawe wawili akaenda Pforzheim, safari inayopita kilomita 100, bila ya kumwarifu mumewe. Penye kupanda gari lilishindwa, wana wakashuka wakalisukuma. Penye kushuka vipande vya breki vililika, hata bibi huyo akamwendea fundi wa viatu akamtaka avivike ngozi. Aliporejea nyumbani alishauri gari liongezewe gia ndogo ya kupandia milima. Naona si haba kwamba nusu ya mambo tunayomfundisha dereva mpya hivi leo yalikwisha kugunduliwa na mwanamke mmoja katika safari ile.

Gia ile ndogo, iliyoombwa kwa ajili ya kupanda, ndiyo hiyo hiyo inayomfaa dereva anaposhuka. Mguu ukiondolewa katika kikanyagio cha mafuta na gia ikiwa ingali ndani, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini badala ya injini kuyazungusha magurudumu; na injini, kwa kulazimika kuvuta hewa kupitia njia iliyofungwa na kwa msuguano wa viungo vyake, huyazuia yasikimbie, na kadiri gia ilivyo ndogo ndivyo inavyoyazuia kwa nguvu. Madereva wakongwe wana kanuni isiyohitaji hesabu, nayo ni kwamba mlima hushukwa kwa gia ile ile ambayo ungepandwa kwayo, na kwamba gia hiyo, au vitesi kama wasemavyo wenyeji, huchaguliwa kileleni kabla gari halijaanza kuinama, maadamu gari likisha kushika kasi gia huweza kukataa kuingia, na dereva akabaki baina ya mbili, hana hii wala ile.

Wako watu, na si wachache, ambao hutoa gia wakaliacha gari literemke huru, wakidhani wameokoa mafuta. Dhana hii ilikuwa na kiasi cha ukweli katika magari ya zamani. Katika injini za kisasa, ambazo hupuliziwa mafuta kwa amri ya kompyuta, haina ukweli wowote, kwa kuwa gari likishuka na gia ndani mafuta hukatwa kabisa, ilhali likiwa huru injini huendelea kunywa ili isizimike. Na anayeizima injini kabisa amejitakia balaa mwenyewe: kile kifaa kinachousaidia mguu kukandamiza breki hutegemea injini iwe inazunguka, na akiba yake huisha baada ya kukanyaga mara mbili tatu, usukani nao huwa mzito, na akiuchomoa ufunguo, usukani hujifunga.

Jambo lingine ambalo halionekani kwa macho ni kile kimiminiko kiitwacho mafuta ya breki, ambacho kwa hakika si mafuta ya kawaida, nacho kina tabia ya kunywa unyevu wa hewani. Aina iandikwayo DOT 3, ikiwa mpya, huweza kuvumilia joto la nyuzi 205 za sentigredi kabla ya kuchemka, lakini ikisha kuingia maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Kimiminiko kikichemka hutoa mvuke, na mvuke, kinyume cha kimiminiko, hukandamizika; basi mguu hushuka hadi sakafuni na gari lisiitike. Katika nchi ambayo mvua yake haina likizo ndefu, kukibadilisha kila baada ya miaka miwili si anasa. Na wale wenye motokaa za Kijapani zinazojibadilishia gia zenyewe, ambazo zimejaa siku hizi, wajue kwamba ile tarakimu 2 na herufi L zilizochorwa kando ya mkono wa gia hazikuwekwa kuwa pambo. Ndizo gia za kuteremkia, na wengi hufa bila ya kuzigusa.

Kuhusu klachi nitasema machache. Ni sahani mbili zinazokutanishwa kwa msuguano, na anayejifunza hutaka kuzikutanisha upesi, injini ikazimika, au kuzishikilia nusu nusu mlimani ili gari lisirudi nyuma, zikaungua. Dawa yake ni breki ya mkono: livutie gari, liachie klachi taratibu mpaka uisikie injini inashusha pumzi na pua ya gari inataka kuinuka, kisha uifungue breki. Atakayeweza kufanya hivyo nyuma ya pikipiki iliyosimama, bila ya kuigusa na bila ya kurudi hata shubiri moja, amekwisha kufuzu mtihani mmoja wa Butembo.

Sasa tuje kwenye udongo. Katika lami kavu, kwa tairi zilizo nzima, gari lililo katika kilomita 60 kwa saa husimama katika mita kama 20 tangu breki kushika. Lakini kabla ya hapo, kwa kila sekunde moja ambayo akili inatafakari na mguu unahama, gari limekwisha kwenda mita 17. Udongo mwekundu uliolowa ni habari nyingine. Tukichukulia kwamba unaipa tairi mshiko wa moja ya tano tu ya uzito inaoubeba, gari la kilomita 30 kwa saa litahitaji mita 18 katika sehemu tambarare. Katika mteremko unaoshuka mita 10 kwa kila mita 100 litahitaji mita 35, kwa kuwa mteremko hutolewa katika mshiko kama deni linavyotolewa katika mshahara. Na mteremko ukifika mita 20 kwa 100 mshiko wote umekwisha, na hapo hakuna breki duniani itakayolisimamisha. Fauka ya hayo, gurudumu lililofungwa na breki likawa linateleza halisikii usukani, na kwa hiyo dereva aliyeingiwa na hofu akakanyaga kwa nguvu zote hutenda lile lile litakalomnyima njia ya kukwepa. Ainue mguu kidogo, gurudumu lizunguke, usukani utarudi.

Liko jambo jingine ambalo ni la nchi hii hasa. Kongo, kwa kurithi desturi ya Wabelgiji, huendesha kulia. Uganda, kwa kurithi ya Waingereza, huendesha kushoto. Na nchi hizi hukutana Kasindi, kilomita 80 mashariki ya Beni, ambako magari hubadilishana upande. Wafanyabiashara wa Butembo, ambao biashara yao imefika Mombasa, Dubai na Guangzhou, wameleta kwa njia hiyo motokaa nyingi zilizotengenezewa Japani, ambako usukani uko kulia. Basi dereva huketi upande wa mfereji, akauona mfereji vizuri mno, na lori lililo mbele yake likamficha barabara yote. Na akitaka kulipita, sharti autoe ubavu wa gari katika njia ya wanaokuja kabla macho yake hayajafika huko. Wengi humtegemea abiria aliyeketi kushoto awaambie kama njia ni nyeupe. Mimi simlaumu abiria, lakini yeye hajui gari lina nguvu gani wala mlima una urefu gani, na hukumu ya kupita si yake. Dawa pekee ni kujiweka nyuma, mbali na lori. Kwani anayelikaribia haoni kitu, na aliye baidi nalo huona kando zake zote mbili.

Uswidi iliwahi kuwa na msiba huu huu uliopinduliwa: walikuwa wakiendesha kushoto ilhali magari yao mengi yalikuwa na usukani wa kushoto, na hiyo ilikuwa moja ya hoja zilizowafanya wahamie kulia tarehe 3 Septemba 1967. Katika miezi ya mwanzo ajali zilipungua, kwa sababu kila mtu aliendesha kwa hadhari; walipozoea, zikarudi.

Hasara ya magari hayo haikomei katika kuona. Taa fupi za gari lililotengenezewa nchi ya kushoto hutupa mwanga wake wa mbali upande wa kushoto, ili ziimulike kando ya njia na waendao kwa miguu; likiletwa Kongo, upande huo ndio anakotokea dereva anayekuja, naye hupigwa na mwanga machoni ingawa mwenzake ameshusha taa kwa adabu zote. Na mlango wa kusukuma wa basi dogo, uliowekwa kushoto ili abiria ashukie kando ya njia, hapa humshusha katikati ya barabara. Dereva mpya atakayekumbuka mambo haya mawili usiku na mbele ya shule atakuwa ameepusha mengi.

Mwezi wa Juni 2021 marais wa Kongo na Uganda walizindua huko Kasindi mradi wa kutengeneza barabara za kilomita 223, zikiwamo ile ya Kasindi hadi Beni na ile ya Beni hadi Butembo. Ni neema, na wafanyabiashara waliolala siku nyingi katika matope wanajua thamani yake. Lakini matope yalikuwa polisi asiyelala. Yaliwalazimisha watu kwenda polepole, na mazoea yaliyopatikana katika kilomita 25 kwa saa hayamtoshi mtu katika 80, ambako nishati imezidi mara kumi. Katika njia zenye hatari ya watu wa silaha, ambako magari huenda kwa msafara wa askari, kila dereva hutaka kumgusa aliye mbele asiachwe. Hofu hiyo naielewa, lakini nafasi ya sekunde mbili haimwachi mtu nyuma, na huwaokoa wote pale wa kwanza anaposimama ghafla.

Sheria ya barabara ya nchi hii ni ya tarehe 30 Agosti 1978, na atakaye leseni atajifunza alama zake, pamoja na ile kanuni kwamba katika njia panda isiyo na alama hupewa haki anayetokea kulia. Hayo yako katika vitabu. Ninachowaomba wanaofundisha vijana ni kimoja: msimkabidhi mwanafunzi gari kwa kuwa amezunguka kiwanja cha mpira bila ya kuzima injini. Mpandisheni kilimani gari likiwa na watu na mzigo, mvua ikisha kunyesha, mwanzoni mchana, muwe kando yake. Mwamrisheni achague gia kileleni, ashuke bila ya kuichosha breki, asimame pale mtakapomwambia, aondoke tena. Na wewe uliyenunua gari la usukani wa kulia, kabla ya kulinunulia mapambo lipeleke kwa fundi akuinamishie taa na akubadilishie mafuta ya breki.