Hug Haina Subtitle: Kwani Gabe Alimmada Tina?

Hakuna base Nairobi haina detective. Taja stori ya Tina Watson, na kabla ufike "hanimuni" kuna msee ashasimama na toothpick mdomoni: "Bwanake ndo alimmada." Imeisha. Ushahidi? "Si ucheki tu vile anakaa." Buda, kama watu wangefungwa juu ya vile wanakaa, nusu ya hii mtaa ingekuwa Kamiti, na nusu ingine ingekuwa kwa laini ya kuwapelekea sabuni.

Wazae ndo usiseme. Mzae wa duka hangoji hata jina. "Wazungu wanatafuta nini chini ya bahari? Ni bwana, nani mwingine?" Sekunde tatu, kesi imefungwa, anarudi kupima unga. Hii maneno ilichukua zaidi ya miaka nane na koti za nchi mbili kuisha. Mzae, na respect zote, baki na unga.

Form yangu ni hii na sichenji: ilikuwa ajali. Ajali ya kuuma, yenye ilianza juu ya boti kabla mtu yeyote aguse maji. Keti nikushow.

Tina alikuwa dame wa miaka 26 kutoka Alabama, Marekani. Tarehe 11 Oktoba 2003 aliolewa na Gabe Watson, chali walijuana chuo. Hanimuni ikawa Australia. Tarehe 22 Oktoba, siku 11 tu za ndoa, akadedi akipiga mbizi kwa Great Barrier Reef, upande wa Townsville, Queensland.

Sasa skia pahali walishukia, Yongala. Yongala ni meli ilizama 1911 kwa dhoruba na watu 122, na hakuna hata mmoja alitoka. Sai imelala kwa mchanga, karibu mita 30 chini, imejaa samaki hadi divers wa dunia nzima wanaihesabu kati ya meli kali zaidi za kushukia. Hiyo ni flex ya level ingine. Si ile yako ya Pirates, maji kwa magoti, simu kwa mkono, caption "ocean life". Yongala iko bahari wazi na current inavuta mtu ka nganya imekosa abiria. Na Tina hakuwa ameshuka bahari wazi before. Hakuwa hata amepita mita 9.

Soma hiyo tena. Mita 9. Afu hanimuni, Yongala.

Gabe naye alikuwa na cheti cha rescue diver. Kwa karatasi, huyo ndo buddy unataka. Alisema walishuka, kompyuta yake ya kuzamia ikaanza kulia, wakarudi juu, akafix betri ilikuwa imewekwa kinyume, wakashuka tena. Huko chini current ikawashinda, Tina akapanic, mkono wake ukagonga maski ya Gabe na rigileta. Kurudisha maski, kucheki, dame anazama akiangalia juu. Akasema masikio hayakumruhusu kumfuata, so akapanda juu kuitisha help.

Makarao wa Queensland wakaiskia na wakakataa kuinunua. Walisema stori zake hazishikani, na betri ikiwa kinyume kompyuta haiwezi kulia. Lakini cheki, hizi kompyuta za wireless ziko na pande mbili: saa ya mkono na transmita ya tanki, na kila moja ina betri yake. Ya transmita ikiwa kinyume, saa ya mkono bado inaweza lia. Kitu ndogo hivyo, na wasee wamehukumu mtu nayo.

Afu kuna ile theory ya movie: Gabe alimfungia hewa, akamshikilia hadi akadedi, akaifungulia tena, akamwachilia azame. Inabamba ukiskia. Sasa ifanye kwa kichwa polepole. Valvu ya tanki iko nyuma ya shingo. Lazima uizungushe round kadhaa. Ukishaifunga, mwenye tanki anapata pumzi chache za hewa imebaki kwa hose, mshale wa gauge unaanguka, kuvuta kunakuwa kugumu, na hapo binadamu yeyote anapigana ka simba. Umshikilie dakika nzima na zaidi, na wewe pia uko kwa current hiyo hiyo, rigileta yako iko karibu na ngumi zake. Afu uifungulie tena bila kukosea. Mchana, maji safi, na divers wengine wako hapo karibu. Hiyo plan mwenye anaitengeneza lazima awe genius, na huyu jamaa ndo tunaambiwa aliweka betri kinyume.

"Na yule daktari aliwaona?" Eeh, alikuwepo. Daktari mtalii, kwa maji siku hiyo, aliona diver amemkumbatia Tina, afu wakaachana, mmoja akapanda, mmoja akazama. Hapo base yote inaruka. Lakini hug haina subtitle. Mtu anayeua amekumbatia. Mtu anayejaribu kumpandisha dame amepanic pia amekumbatia. Kutoka mbali, na maski kwa uso, zinakaa sare kabisa.

Kuna picha. Hii ndo inanimaliza. Diver mwingine alikuwa anapiga picha bibi yake, ile ya kawaida ya holiday. Madame yuko mbele, anapose, bubbles zinapanda. Nyuma yake, kwa mchanga, kuna mtu amelala chali. Huyo ni Tina. Instructor ndo anafika kumwokoa. Mwenye kupiga hakujua kenye amepiga. Instructor alimpandisha, madaktari wakajaribu kumrudisha kwa boti, ikakataa. Hiyo picha imezungushwa ka ushahidi wa mauaji, na haionyeshi mauaji. Inaonyesha venye mtu anaweza zama karibu na watu wako na fun, na wasimskie. Kwa maji hakuna nduru.

Tukuje kwa pesa, ju najua ndo unangoja. Buda yake Tina alisema Gabe alimshow Tina aongeze insurance na aandike jina ya Gabe kabla ya harusi. Detective wa mtaa anachizi hapo: "Si unaona!" Ngoja basi. Kwa hiyo insurance, mwenye alikuwa ameandikwa kulipwa ni buda mwenyewe. Si Gabe. Mtu anaua for doo yenye inaenda kwa father-in-law? Toka.

Na ile ya maua kwa kaburi? Makarao walimrekodi akitoa maua ya familia ya Tina hapo kwa kaburi. Hiyo ni aibu. Hiyo ni roho chafu, na kama ingekuwa mtaani mathe wangu angemfuata na mwiko. Lakini koti ya Birmingham, Alabama, haikuinunua kama proof ya mauaji, na ilikuwa right. Kuwa mtu mbaya baada ya msiba hakumaanishi ulileta msiba.

Sasa vitu zenye mtaa hausemi, ju hazina drama.

Moja: Tina alikuwa amefanyiwa operation ya mapigo ya moyo kama miaka miwili before. Kwa form ya diving aliandika hajawahi kuwa na shida ya moyo. Mtaalamu wa medicine ya diving alisema hangefaa kushuka bila clearance ya daktari wa moyo.

Mbili: kampuni ya boti iliwapea orientation na dive ya kwanza na kiongozi. Wakakataa. Wote wawili.

Tatu: expert wa diving mwenye makarao walimtegemea, mwenye alikuwa amesema rescue diver angempandisha Tina, alirudisha maneno yake mingi akishaonyeshwa records za mazoezi na za matibabu zao. Alikuwa amejudge cheti. Alipocheki mazoezi yenyewe, akaona jamaa hakuwa level hiyo.

Unaona hiyo formula? Dame hajazoea, amekaa kimya juu ya moyo. Chali ana karatasi kubwa kuliko skills. Meli kali ya kupiga picha. Msaada unaletwa na wanasema "tuko sawa". Hakuna mahali hapo unahitaji muuaji. Hiyo mix inaua yenyewe.

Koti zilisemaje? Inquest ilimaliza 2008, Gabe akashtakiwa murder. 2009 akapanda ndege mwenyewe akarudi Australia, na mwezi wa sita akakubali manslaughter: alikuwa buddy, na hakumpea hewa wala kumpandisha. Akapigwa mvua minne na nusu, afanye mwaka moja tu ndani. Watu wakawaka. Appeal ikaongeza hadi miezi 18. Alipomaliza 2010, Australia haikumwachilia aende hivi hivi, ilitaka kwanza Marekani iahidi haitampea hukumu ya kifo. Alabama nayo ilikuwa ishamshtaki tena murder. Februari 2012 upande wa mashtaka ulimaliza kutoa kila kitu iko nayo, na Jaji Tommy Nail akatupa kesi hapo hapo juu ushahidi hautoshi. Jury hawakuitwa hata kufikiria. Upande wa Gabe haukuhitaji kujitetea.

Familia ya Tina haijawahi kukubali hiyo, na siwezi waambia wakubali. Wamezika msichana wao muda mfupi baada ya kumsindikiza harusi. Hiyo hasira iko sawa. Lakini hasira yao na uvivu wetu ni vitu mbili. Wao wamepoteza mtu. Sisi tunataka tu stori ishikane na popcorn. Ndo maana hadi movie ya TV ilitengenezwa mwaka huo huo wa 2012.

Na wewe, msee wangu, mbona nakubonga hizi zote? Ju najua December mko na plan ya Diani. Nimeona group. Najua kuna mmoja ashasema atashuka skuba ju dame fulani anaenda, na huyo mmoja kuogelea ni ile ya kushika ukuta wa pool. Bei ya hiyo dive pekee inaweza kulipa rent ya bedsitter, na ndo shida inaanzia hapo: ukishalipa doo mob, kusema "naogopa" inaonekana ka kuchoma picha. So unanyamaza. Unasema uko sawa. Unajaza form na uwongo ju ukweli utakukosesha trip.

Usiwahi. Form ya afya jaza hadi ile asthma ya primo. Ukipewa dive ya mazoezi, chukua, hata ka mbogi yote inakucheka. Buddy wako chagua kwa mazoezi, mapenzi wekeni kwa beach. Muulize ameshuka mara ngapi, wapi, lini ya mwisho, na mfanye drill ya kupeana hewa pahali miguu inafika chini. Akikasirika umemuuliza, huyo si buddy, huyo ni abiria mwenzako.

Na siku hiyo kwa boti, ukiskia tumbo inakataa, sema "mimi bado" kwa sauti, dame akiwa hapo, instructor akiwa hapo. Watakucheka hadi lunch. Kwa fries watakuwa washasahau, na wewe utakuwa unaitisha ketchup.