Ukaa wa Misindano: Kazi Kubwa Huanza Baada ya Kupanda

Shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini Tanzania ni Sao Hill, wilayani Mufindi, mkoani Iringa, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Majaribio ya upandaji yalianza huko mwaka 1939. Leo misindano, hasa ile yenye asili ya Mexico, imeenea hadi kwenye mashamba ya wanakijiji wa Njombe na Kilolo. Wengi huamini kwamba aliyepanda mti tayari ameisaidia hali ya hewa. Ukweli ni kwamba matunzo ndiyo yanayoamua.

Mti huvuta hewa ya ukaa kwa majani yake na kubakiza kaboni kwenye shina, matawi na mizizi. Karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni, hivyo tani moja ya mbao hizo imeondoa hewani takribani tani 1.8 za hewa ya ukaa.

Umri wa kuvuna

Msindano huanza taratibu, hukua kwa kasi, kisha kasi hiyo hupungua. Mkulima aliyebanwa na ada ya shule huuza miti ya miaka 10 au pungufu, ingali inanenepa haraka. Gogo jembamba hutoa mabanzi na vumbi jingi, ambavyo vikichomwa hurudisha kaboni hewani mara moja. Gogo nene la miaka 18 au zaidi hutoa mbao za kenchi na samani, na kaboni yake hukaa humo kwa miongo.

Kupunguzia na kupogoa

Kupunguzia miti hushusha kidogo kaboni iliyosimama shambani. Lakini miti inayobaki hupata mwanga na maji, hunenepa na kufaa kwa mbao za kudumu. Kupogoa matawi ya chini hupunguza vifundo kwenye mbao na kuuzuia moto wa nyasi usipande hadi kwenye vilele.

Udongo

Kaboni nyingi imo ardhini. Kuchoma mabaki ya uvunaji na kulima eneo zima huipoteza, pamoja na rutuba. Ni bora kuyapanga mabaki kwa mistari na kuchimba mashimo ya miche tu. Kufyeka miombo ili kupanda misindano ni hasara itakayochukua miaka mingi kufidiwa, na mabonde ya vinyungu, yaani bustani za mabondeni, yasipandwe misindano bali yaachiwe maji yake.

Moto

Moto wa kuandaa shamba au wa kurina asali, ukiponyoka wakati wa kiangazi, huteketeza kwa saa chache kaboni ya miaka 15. Barabara za kuzuia moto zisafishwe mapema, na majirani wakubaliane siku za kuchoma.

Mkulima hawezi kubeba mzigo huu peke yake. Wanunuzi wakilipa bei nzuri kwa gogo nene, na vyama vya ushirika vikimkopesha wakati wa shida, ataweza kusubiri. Halmashauri nazo, zinazotangaza kila mwaka idadi ya miche iliyopandwa, zitangaze pia ni mingapi iko hai baada ya miaka 15, na iliyovunwa ilikuwa na umri gani. Hesabu hiyo ndiyo itakayoonyesha kaboni tuliyoitunza kweli.